Usiache Mbachao: Maneno juu ya Sanduku la Hewa la Gari la Kuunga

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya maisha ya ughaibuni. Nilikuwa tayari kufanya hivyo, lakini jana jioni vijana wa karakana walinivuta mkono wakanionyesha kazi yao. Wameunda fremu ya chuma kwa mikono yao, wakaipandisha injini ya lita 1.3 iliyotoka katika gari bovu, na wanataka kuliendesha gari hilo katika uwanja wa mpira kabla ya mwisho wa muhula. Kazi yao ni nzuri na nimewapa hongera. Kisha mmoja wao akaniuliza: "Mzee, injini hii ilikuja bila sanduku la chujio la hewa. Je, tufunge chujio lolote litakaloingia?"

Ndugu zangu, swali hilo lilinichoma. Miaka mingi iliyopita niliulizwa swali hilohilo, nikalijibu kwa haraka, na jibu langu likamtia hasara rafiki yangu tuliyelala naye bweni moja hapahapa. Kwa hiyo usiku nimeyaweka kando maneno ya ughaibuni, na leo nitazungumza juu ya hewa ya injini. Wale ambao si mafundi wanivumilie. Nitajitahidi kusema kwa lugha ya kawaida.

Nianze na gari lenyewe. Huko Uingereza iko desturi ya zamani ya watu kununua gari likiwa vipande vipande, fremu huku, boneti kule, wakaliunga wenyewe nyumbani mwishoni mwa juma. Mashuhuri kuliko yote ni Lotus Seven, lililobuniwa na Colin Chapman na kutolewa mwaka 1957: gari dogo, jepesi, lenye viti viwili na boneti fupi kwa kimo. Watu walipenda kununua vipande kwa sababu gari jipya lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi, na vipande havikutozwa. Nafuu hiyo ilikwisha mwaka 1973 ilipokuja kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham ikachukua haki ya kuendelea kuliunda gari hilo. Lakini desturi haikufa. Hata leo wako watu wanaojifungia gerejini kwao na spana, kwa sababu ya raha tu ya kuunda kitu.

Nami nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nafanya kazi ya ufundi mitambo katika mji wa Coventry, na mwaka 2002 nikanunua fremu na bodi ya gari la namna hiyo. Injini niliipata katika yadi ya magari mabovu: Zetec ya lita 2, iliyotoka katika Ford Mondeo lililogongwa nyuma. Mwenye yadi aliniambia, "Chukua na sanduku lake la hewa, sikuongezei bei." Nikalitazama. Lilikuwa plastiki nyeusi, kubwa kama ndoo, lina mabomba kila upande. Nikacheka, nikaliacha palepale chini.

Vijana, wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Siku ile sikuwakumbuka.

Ni kweli kwamba sanduku lile lisingeingia. Katika Mondeo injini imekaa kwa kukingama, kutoka gurudumu hadi gurudumu, na nafasi ni tele. Katika gari langu injini ilikaa kwa urefu, chini ya boneti ambayo mtu anaweza kuivuka kwa hatua moja. Kosa langu halikuwa kukataa sanduku. Kosa lilikuwa kulikataa kabla ya kuuliza lilikuwa likifanya kazi gani.

Basi sikilizeni, kwa maana hapa ndipo penye mafunzo. Sanduku la hewa hufanya kazi tano.

Kwanza, hupitisha hewa ya kutosha. Watu hudhani injini hula mafuta. Kwa hakika hula hewa. Lita 1 ya petroli ili iungue sawasawa huhitaji hewa ya lita kama 9,000. Injini yangu ya lita 2, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hujaza silinda zake mara 3,000, maana katika mizunguko miwili hunyonya mara moja tu. Hiyo ni lita 6,000 kwa dakika, yaani lita 100 kila sekunde moja.

Pili, huisafisha hewa hiyo. Vumbi letu lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda, na nyingine ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Zikipita, hufanya kazi ya msasa baina ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda.

Tatu, huichota hewa mahali penye baridi, aghalabu mbele ya gari au kwenye pembe ya bodi, mbali na joto la ekzosti.

Nne, hunyamazisha ule mlio wa kunyonya, ambao ni mkubwa kuliko mnavyodhani.

Tano, ni mahali pa kushikia vitu vingine. Katika injini yangu kifaa cha kupimia hewa kilikaa kwenye bomba linalotoka sandukuni, na mpira ambao injini hupumulia mvuke wa oili nao ulirudi kwenye njia hiyohiyo.

Ukiliondoa sanduku, kazi hizi tano haziondoki. Zinabaki zikingoja mtu wa kuzifanya, na asipokuwapo mtu, injini ndiyo inayolipa.

Sasa nisimulie nilivyolipa mimi. Nilinunua chujio la koni, linang'aa kama kikombe cha mashindano. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nikalifunga palepale chini ya boneti, nyuma ya rejeta. Gari likawaka, nikafurahi, nikawaita majirani. Lakini kila nilipoendesha kwa nusu saa, nguvu zilipungua. Ndipo nikaweka kipimajoto karibu na chujio: nje palikuwa na nyuzi 22, na pale chini ya boneti nyuzi 60. Hewa ya moto ni nyepesi. Kwa tofauti hiyo, kila pumzi ya injini ilikosa zaidi ya sehemu moja katika kumi ya hewa yake. Nilikuwa nimenunua kitu cha kung'aa ili kipunguze nguvu za gari langu.

Nikasema, vema, nitaleta hewa ya baridi kwa mpira mrefu kutoka mbele. Nikapata mpira mwepesi wa mikunjo, wa aina inayotumika kupitishia hewa ya majumbani. Ulikuwa rahisi kwa bei na ulipinda vizuri. Gari likaenda vizuri mpaka mizunguko 5,000, kisha likawa kama limeshikwa koo. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha chujio la petroli, wapi! Mwishowe nililipeleka kwenye mashine ya kupimia nguvu, ambapo gari hukimbia juu ya magurudumu ya chuma bila kutoka mahali. Mzee mmoja aliyeiendesha mashine ile aliinamisha kichwa, akanionyesha kwa kidole. Kila nilipokanyaga mafuta mpaka mwisho, mpira wangu ulijibana kama mashavu ya mtoto anayenyonya embe.

Kumbukeni basi: bomba la kuingizia hewa halisukumwi kwa ndani, linanyonywa. Mpira unaoonekana mnene mkononi unaweza kujifunga injini inapovuta.

Tena upana wake una hesabu. Lita 100 kwa sekunde zikipita katika bomba la milimita 70, hewa huenda kwa mwendo wa mita 26 kwa sekunde. Katika bomba la milimita 50 hulazimika kwenda mita 51. Mwendo umeongezeka karibu mara mbili, lakini taabu ya kupita huongezeka kwa mraba wake, yaani karibu mara nne. Mwalimu wenu wa hesabu hakuwadanganya aliposema kwamba eneo la duara mtalihitaji maishani.

Nikarudi yadi kutafuta lile sanduku nililolidharau. Lilikuwa limekwisha kuuzwa. Nikaanza upya, na safari hii nilikwenda na futi ya kupimia, kipande cha karatasi, na zile kazi tano nimeziandika. Nilizunguka katika magari mabovu siku nzima. Nikapata sanduku jembamba la gari dogo, ambalo lingeweza kulala ubavuni mwa injini. Kipimo chake cha tundu la kutokea kilikuwa kidogo, nikalipanua. Nikapata kiwiko kinene cha mpira kutoka gari la mizigo la dizeli, chenye mbavu za kukizuia kisijibane, milimita 70 kamili. Nikakipinda pole pole mbele ya taa nione kama kina nyufa ndani ya mikunjo, maana mpira wa zamani hupasuka pale pasipoonekana. Nikakirudisha kile kipima hewa mahali pake, na mpira wa kupumulia nikauunganisha. Gari likapata pumzi.

Wako wenzangu waliochagua njia nyingine, nami siwalaumu. Wengine hufunga kabureta mbili za Weber zenye midomo miwili kila moja, ingawa hizo ni za bei. Wengine huchukua zile kabureta nne za pikipiki ya Yamaha R1 ya mwaka 1998, zenye koo la milimita 40, wakazifunga kwenye injini ya Ford kwa manifoldi waliyoichomelea wenyewe. Inawezekana, na wengi wamefanya. Lakini nafasi kati ya koo na koo katika pikipiki hailingani na ile ya Ford, kwa hiyo lazima kuzitenganisha au kupinda mabomba. Kipima hewa hakina kazi tena. Na cheche za plagi lazima zipangwe na chombo kingine. Na bado koo zote nne zinahitaji chujio. Asiyelifunga kwa sababu ya kutaka kuona tarumbeta za aluminiamu zikimeta, huyo ameacha mlango wazi usiku.

Sasa nafika mahali panaponiuma. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nitasema.

Mwaka 2004 rafiki yangu alinipigia simu kutoka Dodoma. Yumo humu ukumbini. Amenipa ruhusa ya kusimulia, ila amekataza nisimtaje jina. Alikuwa na pikapu moja, ndiyo duka lake na shamba lake, ikibeba mizigo kati ya Dodoma na Kondoa. Barabara ile wakati huo ilikuwa bado ya vumbi. Lami ilikuja miaka mingi baadaye. Sanduku la chujio la pikapu lilikuwa limepasuka, jipya lilikuwa ghali, na fundi wake alikuwa na chujio la koni lililotoka gari jingine. Akaniuliza, "Wewe ni fundi wa huko kwa wenyewe. Je, nifunge?"

Nami, kwa kuwa gari langu lilikuwa linaruka, na kwa kuwa nilipenda kuitwa fundi, nikamjibu: "Tia lolote linaloingia. Mimi huku nimetia, na mambo ni mazuri." Sikuuliza tundu la chujio lina milimita ngapi. Sikuuliza bomba lina ngapi. Simu ilikuwa ghali, nikakata.

Koni ile ilikuwa pana kuliko bomba. Fundi akaziba nafasi kwa kuzungusha vipande vya mpira wa tyubu, akakaza kwa klipu. Kwa macho ilionekana imeshika. Baada ya miezi mitano pikapu ikaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Baada ya sita ikashindwa kupanda mlima na mzigo. Walipofungua injini, ringi zilikuwa zimelika na kuta za silinda zina michirizi. Na ndani ya bomba la hewa, nyuma ya chujio, upande wa injini, palikuwa na mstari wa vumbi jekundu kama njia ya siafu, ukianzia kwenye kile kiungo. Chujio lenyewe lilikuwa halina kosa. Hewa ilikuwa imepata njia ya mkato.

Rafiki yangu alikuwa na mkopo. Pikapu ilikaa juu ya mawe kwa miezi, na mtoto wake wa kwanza alikosa ada, akakaa nyumbani muhula mzima. Aliponieleza hayo hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Usiku uleule nilishuka gerejini nikafungua bomba la gari langu. Nikapitisha kitambaa cheupe nyuma ya chujio. Kilitoka na utando wa hudhurungi. Mimi pia kiungo changu kilikuwa kinavuja! Ila gari langu lilikuwa la Jumapili, katika nchi ya mvua na lami, likitembea maili chache kwa mwaka. Kosa lilelile lililokuwa limelala kwangu, kwake liliamka na njaa. Nilimpa ushauri kutoka mahali ambapo ushauri huo ulikuwa haujajaribiwa.

Nilimtumia fedha kiasi nilichoweza, na injini ilikuja kutengenezwa. Lakini muhula wa mtoto haurudi. Kwa hiyo, ninyi vijana wa karakana, jibu langu la leo ni refu kuliko lile la mwaka 2004. Fanyeni hivi.

Kwanza, andikeni zile kazi tano ukutani, na mbele ya kila moja andikeni jina la kifaa kitakachoifanya. Pakibaki mstari mtupu, msiwashe injini.

Pili, pimeni. Injini yenu ya lita 1.3 kwa mizunguko 5,000 itanyonya lita 54 hivi kwa sekunde. Bomba la milimita 60 litawatosha, na hewa itapita humo kwa mita 19 kwa sekunde. Lakini msiniamini mimi. Kapigeni hesabu wenyewe.

Tatu, mnapokwenda kutafuta spea kuukuu, chagueni sanduku la gari ambalo limejaa katika barabara zetu. Sababu ni kwamba chujio la karatasi litachafuka, nanyi mtahitaji jingine. Sanduku la ajabu ambalo chujio lake halipatikani Gerezani wala katika duka la mkoani litaishia kufungwa tambara, na tambara si chujio.

Nne, kiungo kiwe cha saizi sawa na saizi. Kama bomba na mpira havilingani, tafuteni kipunguzo cha mpira mgumu au mchongeshe cha chuma. Msijaze nafasi kwa tyubu, wala gundi, wala plastiki iliyoyeyushwa. Na kama injini ina kipima hewa, kiungo baina yake na kilango cha hewa kisivuje hata kidogo, kwa kuwa hewa iliyopita bila kuhesabiwa huifanya injini ipate petroli pungufu.

Tano, jaribuni kabla ya kusifu. Pakeni grisi nyembamba kwa kidole ndani ya bomba, nyuma ya chujio. Endesheni kwa juma moja, kisha fungueni mtazame. Grisi ikiwa safi, endeleeni. Ikiwa na chembe za mchanga, simamisheni gari siku hiyohiyo. Kwa upande wa pumzi, chukueni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukunjeni umbo la U, tieni maji, ncha moja iwe kwenye bomba nyuma ya chujio na nyingine iwe wazi. Injini inapovuta kwa nguvu zote, maji yatapanda upande mmoja. Linganisheni chujio likiwamo na likiwa limetolewa, nanyi mtajua linakunyimeni kiasi gani. Jaribio hilo la pili lifanyeni kwa dakika chache tu, mahali pasipo na vumbi. Vipimo vyote hivyo viwili havifiki bei ya soda mbili.

Na la mwisho si la spana. Mtu akikuulizeni jambo, na mnajulikana kuwa mnajua, ulizeni kwanza: kifaa hicho kitafanya kazi wapi, na nani anakitegemea? Sisi tuliotoka shule hii huaminiwa upesi huko nje. Imani hiyo ni mali ya shule nzima, na mimi siku moja niliitumia vibaya kwa simu ya dakika mbili.

Nimewaomba vijana ruhusa nibaki hapa hadi Jumanne, tukatafute sanduku pamoja. Rafiki yangu wa Dodoma amesema atatuchukua kwa gari lake, na ameongeza kwamba safari hii klipu atazikaza yeye.